Mshika Mbili

Bwana Thurlow ana gereji nyuma ya kanisa, Thetford,
na mikono yenye rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Alitandika gazeti la juzi, akazipanga shokapu tatu
kama watoto kwenye foleni ya chanjo.

Ya kwanza rahisi. Huteremsha gari, basi.
Utapendeza mbele ya madirisha ya maduka, akasema,
na meno yatagongana.
Ya tatu ina vifundo viwili kila mguu,
kimoja cha kubonyea, kimoja cha kurudi,
na bei yake ni zamu zangu ishirini na moja za usiku.
(Nilizihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti.)
Ya kati ina kifundo kimoja, alama kumi na sita.

"Kiwanjani unakwenda mara ngapi?"
Nne kwa mwaka. Tano, Oluchi akikubali tubadilishane zamu.
"Na siku zilizobaki?"

Siku zilizobaki ni njia ya kwenda hospitali, Bury,
saa kumi na mbili kasoro, ukungu umelalia viazisukari,
sungura anayebadili nia katikati ya lami,
matope ya trekta, kiraka juu ya kiraka.
Na Mama, tangu Novemba, kiti cha nyuma,
nyonga yake mpya ya chuma na mto aliokuja nao kutoka Pangani.

"Basi nunulia hizo," alisema.
"Siku nne zitakusamehe. Mia tatu sitini na moja hazisamehi."

Mshika mbili moja humponyoka: sikumtafsiria.
Nilikuwa nimeshaishika ile ya kati,
baridi, nzito kuliko nilivyodhani,
nazungusha kifundo, tik, tik, nasikiliza.
Wodini nako ndivyo tufanyavyo:
unaongeza kidogo, unangoja,
unamtazama mtu usoni.

*

Jumapili ya Machi, Snetterton, upepo wa kuchuna ngozi.
Mbele nikafungua boneti: kumi na mbili.
Nyuma nikaingia uvunguni kwa mgongo: tisa, si zaidi,
maana mkia ukikazwa sana hutaka kutangulia kichwa.

Iko kona ya kulia ambayo haiishi.
Zamani gari liliinama pale kama mlevi anayetafuta kiatu.
Safari hii lilikaa.
Sisemi lilisimama wima; lilikaa,
kama mtu aliyevuta kiti akaamua kukusikiliza,
na kokoto za lami zikanisoma kiganja, moja moja,
nami nikacheka ndani ya helmeti
mpaka kioo kikaingia ukungu.

Hakuna aliyeniuliza, siku ile, niko wapi na panadoli yake.

*

Jumanne nikampeleka Mama kliniki. Nilisahau.

Tuta la kwanza, mbele ya shule: kimya.
La pili: akavuta pumzi kwa meno.
La tatu akasema, taratibu, akitazama nje,
"Gari lako leo limeamka na madeni."

Nikaegesha kwenye maegesho ya supamaketi.
Mvua ya ubavu. Sare ya kazi, goti kwenye dimbwi,
mkono mzima umepotea nyuma ya gurudumu,
na mzee mwenye mbwa amesimama, ananitazama kwa huruma
akidhani nimepoteza pete.

Mama akashusha kioo. "Unatafuta nini huko?"
"Nakupunguzia."
"Punguza na mbele."

Mbele nikarudisha mpaka nne, kama fundi alivyoandika
kwa penseli kwenye kona ya lile gazeti.
Nyuma aliandika tatu.
Tik, nane. Tik, saba. Sita, tano.
Nne.
Nikafuta vidole kwenye sketi, nikainuka.

Ile moja niliiacha.
Kipilefti cha hospitali ni kizuri alfajiri,
kabla hakujakuwa na mtu.