Karai la Pancha

Asubuhi ya kwanza nilimmwagia maji.
Nisifiche. Maji ya karai langu la pancha,
meusi kwa vumbi la mipira, nikayarusha barazani
kama tunavyofukuza mbuzi: "Toka! Hapa pa kazi!"
Akaketi, akajifuta uso kwa kiganja,
akasema, "Shikamoo, fundi."

Tanga, waja leo waondoka leo,
ndivyo tunavyojisifu huku Ngamiani.
Huyu alikuja na lori la mkonge kutoka Korogwe
kutafuta kibarua, akapata uvimbe ubavuni,
mgumu kama kifuu.
Miaka kumi na tisa. Mhina. Jina la pili hakulitaja.

Bombo walimpima, wakampiga picha,
wakampa karatasi yenye neno moja nililoweza kulisoma:
nyumbani. Arudishwe nyumbani.
Akanionyesha, kama mtu anayeuliza njia.

Bi Mwanakheri, jirani, akasema, "Fundi, umeokota msiba
ukautandikia godoro." Kweli nilimtandikia,
nyuma ya banda, kati ya rimu mbovu na makopo ya grisi.
Na Mwanakheri huyo huyo, kabla ya magharibi,
akaja na shuka mbili na uji wa pilipili manga:
"Usimpe wa moto. Mpumbavu wewe, huioni midomo?"

Kazi yangu ni kuziba.
Mpira nautia majini, naubinya taratibu,
nangoja vipovu vinionyeshe mahali.
Kila kitu kina mahali pake pa kuvuja,
ndivyo nilivyoamini, na msasa, na gundi, na kiraka.
Usiku wa nne nikakaa nikisikiliza pumzi yake,
fyuu, fyuu, nikawa natafuta mahali.
Hapakuwa na mahali.
Alikuwa anavuja mwili mzima.

Basi nikaacha kutafuta.
Nikalisugua karai kwa jivu mara tatu,
nikalijaza maji ya vuguvugu, nikamwosha miguu.
Kati ya vidole zilibaki nyuzi za mkonge.
Nikazitoa mojamoja.
"Fundi, unanitekenya," akasema, akacheka.
Nani angedhani mwili ule bado ulikuwa na kicheko?

Jumanne muuguzi Shekifu akaja na baiskeli yake,
na chupa ya dawa ya maumivu, kijiko kila saa nne,
na fomu. "Nani wake?"
Mimi fundi tu, nikamwambia.
"Hapa hapana nafasi ya fundi. Pana nafasi ya ndugu."
Kalamu ikanielemea kuliko spana.

Alitamani chungwa la Muheza.
Pande moja lilimtosha siku nzima,
namkamulia tone, analishikilia ulimini
kama anayekumbuka jina la mtu.
Na alipenda nimgeuzie baiskeli juu chini karibu na godoro,
alizungushe gurudumu kwa kidole,
asikilize linavyokwenda mpaka linyamaze.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa, mkono wake katika wangu wenye grisi.
Sikumwambia neno la maana.
Nilisema, "Nipo." Nikarudia, nipo, nipo,
hata pale palipokuwa hapana wa kunisikia.

Waliobeba jeneza: wauza mihogo wawili,
mume wa Mwanakheri, na mteja
aliyekuja tu kuchukua baiskeli yake.

Ukutani aliniachia namba, kwa mkaa.
"Ya dada. Usipige mpaka niwe nimemaliza."
Nilipiga. Haipatikani.
Nikawa napiga kila jioni nikifunga banda,
haipatikani, nafunga kufuli, naenda zangu.

Jana ikaita.
Sauti ya mwanamke, na kuku nyuma yake:
"Haloo? Nani mwenzangu?"
Nikalitazama karai.
Nikasema, "Mimi ni ndugu yake Mhina."