Pijo ya Kizota

Kuku walitaga humo miaka kumi na saba.
Nilifungua mlango kwa bisibisi na nyundo ya kuazima,
vumbi likatoka mbele yangu kama mwenye nyumba.

Siku tatu kwa mswaki mkuukuu,
sabuni ya mche, siki, maji ya ndoo,
maji ya mgao, Jumatano na Jumamosi tu.
Chini ya kiti: mbegu za zabibu, kibanio,
stakabadhi ya josho la ng'ombe, Mpwapwa,
mwandiko wa baba umelalia kushoto, kama yeye.

Silingi niliishusha yote, sponji imekuwa unga.
Ndahani, fundi viti, akasema ng'oa, tuvishe upya.
Ng'oa, nikamwambia,
ila kiti cha nyuma, kulia.

Pale pana doa jeusi, upana wa kiganja.
Nimekua nikiambiwa nilizaliwa garini, njia ya Mvumi,
korongo limejaa, baba ameshika tochi kwa meno.
Nikalisafisha kandokando tu,
kama unavyoosha utosi wa kichanga.

Jioni mama akaja na fimbo yake.
Akachungulia, akacheka hadi akashika mlango.
"Hilo? Mlenda wa shangazi yako huo!
Wewe ulizaliwa kwenye Landrova ya misheni.
Hii iliishiwa mafuta hapo Kikombo."

Ndahani ameshashika mkasi.
Ngoja, nikasema.
Mama amekaa palepale, juu ya doa,
miguu nje, anakung'uta kandambili,
anauliza kama redio bado inakamata.