Punguza Chumvi

Jumanne, kituo cha afya, Katwe.
Mashine inambana Mbambu mkono, inatulia, inaachia.
Mia na tisini juu ya mia na kumi.
Naitazama namba, namtazama yeye,
na mdomo wangu unatoa ulichofundishwa chuoni:
Mama, punguza chumvi.

Anacheka.
Si kwa dharau. Anacheka
kama samaki aliyeonywa asilowe.
Kisha anapandisha kitenge juu ya vifundo vya miguu
nami nasoma alichoandika ziwa:
mistari myeupe, mmoja kwa kila msimu,
na vidonda viwili vilivyo wazi tangu Pasaka.

Sitii chumvi.
Chumvi ilikwisha kujitia yenyewe.

Kidimbwi si chake. Ni cha Masereka, anayekaa Kasese mjini
na kuchukua gunia moja katika kila matatu.
Mvua ikinyesha, chumvi inayeyuka;
deni haliyeyuki.
Basi saa kumi na moja alfajiri Mbambu yumo majini hadi kiunoni,
amejipaka unga wa muhogo mapajani,
maana buti ndefu za mpira ni bei ya karo ya muhula
na Biira yuko darasa la saba.
Harufu ile ya yai viza
huingia naye hapa, huketi naye kwenye benchi,
na wagonjwa wageni husogea kidogo.

Fomu yangu ina nafasi saba.
Jina, umri, kijiji, uzito, presha, ugonjwa, dawa.
Masereka hana nafasi.
Wala pa kuandika sipaoni
kwamba bomba la maji linaishia kwenye hoteli ya watalii,
pale ukingoni wanapopigia picha tembo,
na kwamba kisima cha huku chini kina ladha ya ziwa,
hata asiyeitia chumvi mchuzini
huinywa kikombeni.

Dawa ipo?
Ya wiki moja. Zilizobaki akanunue dukani kwa Thembo:
vidonge thelathini, kazi ya siku mbili majini.
Yaani ili anunue dawa ya chumvi
aingie chumvini siku mbili zaidi.
Nimelipiga hesabu hili mara nyingi, halikubali.
Najua atakavyofanya. Atameza kimoja
siku kichwa kikigonga, vingine atavifunga kwenye nailoni,
na mwezi ujao nitaandika, kwa mwandiko mzuri:
hafuati maelekezo.

Madereva wa malori ya Kongo walituachia Kiswahili chao,
na ndani yake msemo huu:
fulani amekula chumvi nyingi,
maana yake, ameishi miaka mingi.
Mbambu ana arobaini na mitatu.
Amekula chumvi nyingi.

Mama yangu alikula nyingi kuliko yeye.
Viatu vyangu hivi vyeupe vilitoka katika kidimbwi chake,
na cheti kilichopigiliwa ukutani, na Kiingereza cha majina ya magonjwa.
Alianguka na beseni kichwani, Julai, chumvi ikiwa bei nzuri.
Waliniuliza nijaze chanzo cha kifo.
Nilijaza presha.
Tangu siku hiyo kila ninapoliandika neno hilo
kalamu husita kidogo, kama inangoja nimalizie sentensi.

Nikamwambia Mbambu: pumzika.
Akaniuliza: wapi?
Nilidhani ni utani, nikaangalia uso wake,
haukuwa utani. Alikuwa anataka kujua.

Alipoinuka alifungua ncha ya kitenge
akaniwekea mezani kifurushi cha karatasi.
Ya mawe, alisema, safi, niliichagua mwenyewe.
Ya maharage yako, muuguzi.
Ningeikataaje?

Jioni nilipika.
Nikaonja.
Nikaongeza.