Vidato Tisini na Sita

Kiwandani nilichapa mipango ya miaka mitano,
nakala sita, kaboni ikinifuata vidoleni hadi kwenye chai:
soksi milioni tisa, asilimia mia moja na nne.
Miguu yangu mwenyewe ilivaa viraka.
Kwa hiyo msinihubirie malengo makubwa.
Nimeyapiga chapa. Najua uzito wake: gramu tano kwa karatasi.

Nyonga ilivunjika Januari, hapa Kutaisi, kwenye barafu,
nikiwa nimebeba mayai. (Mawili yalipona.)
Daktari akasema miezi sita. Binti yangu Maka akasema,
kwa simu kutoka Bari, huku akimlisha uji
bibi wa Kitaliano ambaye si mama yake:
Mama, uza nyumba.
Lifti ilikwisha kufa zamani, na sarafu ya mtu kooni.

Nikachukua penseli. Nyuma ya bili ya gesi nikaandika:
Jumatatu. Kufika mlangoni. Kushika kitasa. Kurudi.
Basi. Sikuandika Jumanne.
Jumanne ilikuwa bado haijaomba kuandikwa.

Toka ghorofa ya sita mpaka chini ni vidato tisini na sita,
na kila kidato hulipwa mara mbili, kwenda na kurudi,
kama deni la mkopeshaji asiye na haya.
Chini, ng'ambo ya ua, kuna tanuri la Tsisana
na mkate wa shoti, ule mrefu uliochongoka,
ambao ncha yake huna budi kuilia njiani,
la sivyo hukununua mkate, umebeba unga tu.
Hilo ndilo nililolitaka.
Sikuliandika. Niliandika: vidato vinne.

Wanasema mwenda pole hajikwai. Uongo.
Nilijikwaa wiki ya tatu, kidato cha kumi na tisa,
nikaketi pale kama gunia, nikinusa kabichi ya jirani,
nikalia kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu.
Kesho yake nikafuta ishirini, nikaandika viwili.
Penseli imepewa mkia wa mpira kwa sababu.

Kisha kikaanza kiti.
Karatasi nilikuwa nimeibandika mlangoni, upande wa nje,
ili nione haya nikiiasi.
Siku niliyoandika thelathini na mbili
nilikikuta pale, thelathini na mbili, kikinisubiri:
kiti cha jikoni, cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya.
Nilipoandika arobaini na nane, nacho kilishuka.
Nilikijua. Nilikikalia mwaka ule wa giza,
mwaka wa foleni za mafuta ya taa,
kabla mimi na Gocha wa ghorofa ya pili
hatujagombania lita tano
tukanuniana miaka thelathini na mmoja.

Mei ishirini na mbili nilifika chini.
Hakuna aliyepiga makofi. Paka alinitazama, akaenda zake.
Kiti kilikuwa kando ya masanduku ya barua;
nilikaa, nikapumua, nikavuka ua.
Tsisana aliniuliza mingapi, kana kwamba niliondoka jana.
Mmoja, nikasema. Halafu: miwili.
Ncha iliniunguza ulimi. Nikaila hivyo hivyo.

Niliporudi, kiti hakikuwapo.
Kilikuwa kimeshapanda, kimya kimya, ghorofa ya pili.
Nikaketi, mikate ikinipasha mapaja moto.
Mlango wa Gocha, hatua tatu. Ndani redio, mpira,
mtu anakohoa kikohozi ninachokijua.
Hapana. Si leo. Miguu ilishafunga hesabu yake.
Nikatoa penseli, nikaandika kwenye karatasi ya mkate:
Jumatatu. Kupiga hodi. Mara moja tu.
Mkate wake nikautundika kwenye kitasa,
ncha haijaguswa,
nikashika reli.
Vilibaki sitini na vinne.