Kurunzi ya Babu Ctibor

Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku
tukiwa tunahesabu vijiko vya marehemu shangazi Zdislava
(kumi na moja; cha kumi na mbili hakuna aliyekiri).
Nje, theluji ya Moravia ilikuwa imefika kwenye komeo la lango.
Giza totoro. Hata pua yangu sikuiona.

Vojtěch akatoa taa yake mpya mfukoni,
nyeusi, laini kama kokoto ya mtoni.
Akaibonyeza. Ikakonyeza mara mbili, ikafa.
Nikamsikia akiipapasa pande zote, akitafuta mlango:
haina parafujo, haina mshono,
haina hata ufa wa kupenyeza ukucha.
Gundi tupu.
"Hii ukiifungua umeivunja," alisema.
Aliyeiunda alikuwa ameshatuaga
siku ileile tuliyolipa.

Mimi nikaikumbuka droo ya jikoni, ile ya chini,
inayogoma mpaka uinyanyue kidogo.
Humo, kati ya kamba na vizibo,
kibati cha ukubwa wa pakiti ya sigara,
chenye kiulimi cha ngozi kilichotobolewa tundu
ili babu akining'inize kwenye kifungo cha koti
abaki na mikono miwili ya kuunga mabehewa.
Shangazi aliinunulia betri kila Oktoba,
hata mwaka aliokosa hela ya viatu.

Haikuwaka. Sitakudanganya.

Lakini ona jinsi ilivyokataa:
kifuniko kilifunguka kwa dole gumba,
kikabaki kwenye bawaba yake, hakikuanguka.
Betri bapa ina ndimi mbili za shaba,
mmoja mrefu, mmoja mfupi;
huwezi kuikosea hata umefumba macho.

Na macho yangu, kwa vyovyote, hayakuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipoelewa.
Kurunzi haiharibiki mchana.
(Au huharibika, lakini nani ajue?)
Anayeitengeneza yuko gizani siku zote,
na taa pekee aliyo nayo ndiyo hiyo iliyokufa.
Yuko mtu, kwenye meza fulani, kiwanda fulani,
jina lake halikugongwa muhuri popote,
aliyelijua hilo. Labda aliwahi kudondosha parafujo
majanini, usiku, mikono imo ndani ya glavu,
akatukana mpaka mbwa wakaitika,
na kesho yake akachora
parafujo isiyotoka tunduni hata uizungushe mpaka uchoke.
Kisha, chini ya kifuniko, akachonga kijumba
cha glopu ya akiba,
kadogo kama punje ya njegere,
akakitandika sufu ili isigongwegongwe na safari.

Glopu ilikuwamo.
Nani aliiweka, shangazi au babu?
Sufu ilinukia tumbaku kidogo,
au nilitaka inukie.

Nikakwangua kutu kwa mpini wa kijiko cha fedha,
Vojtěch akinung'unikia thamani yake.
Nikaskurubu glopu, nikarudisha kifuniko. Tak.
Mwanga ukaja wa manjano, mchovu,
kama chai ya pili ya majani yaleyale.
Ukatuonyesha sura zetu, na vumbi la sahani.

"Huo hautafika hata ghalani," alisema,
na fyuzi zote ziko ghalani.
Tukatoka hivyohivyo, yeye mbele, mimi nyuma,
theluji ikitusaga magotini.
Katikati ya ua kidole changu kikakutana na kitufe cha ubavuni,
kile cha kusukuma kioo chekundu mbele ya glopu.
Kwa kitufe hicho babu alisimamisha treni za mkaa
zenye urefu wa kijiji.

Nikakisukuma.
Theluji ikawa nyekundu mbele ya miguu ya kaka yangu.

Vojtěch, mhasibu, miaka hamsini na miwili, goti bovu,
hakuniuliza kitu.
Akasimama.