Mayai Kwenye Rejista

Mwalimu Adhola hakunigombeza.
Alinivutia kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni,
akafungua rejista, akafuata mstari kwa ncha ya kalamu:
Akeyo Ogweno, gredi ya nne.
Wenzake walikuwa na mikwaju midogo ya wino, yote imelala upande mmoja
kama mpunga baada ya upepo.
Wangu, duara. Duara. Mkwaju mmoja. Duara tena.
"Hizi ni nini, mwalimu?" nikauliza, nami najua.
"Siku ambazo hakuja."
Mimi nikaona mayai.
Ndege niliomtuma awafukuze shambani
walikuwa wametaga humu, kwenye karatasi.

Nani asiyejua Ahero mpunga ukiingia maziwa?
Wanashuka kama vumbi lenye midomo,
wimbi moja tu, na jaruba linabaki makapi.
Mtoto hupewa debe na kijiti, tope na fito,
husimama kwenye tuta kabla giza halijapasuka
akipiga kelele hadi sauti imkauke.
Mimi nilisimama hapo. Baba alisimama hapo.
Nikadhani huo ndio urithi.

"Wiki ya ndege," mwalimu akasema,
"tulifundisha kugawanya. Iliyofuata tukajenga juu yake.
Akirudi, anapanda ngazi isiyo na vipago vya katikati."
Kengele ikalia, akaenda zake.

Njiani nikakumbuka kinu cha mpunga:
karani anaandika kilo, mimi nabonyeza dole gumba,
nashukuru.

Usiku nikaliweka jambo mezani pamoja na ugali.
Mama akasema miguu imekwisha ila mdomo ni mzima.
"Nipeni debe. Toka alfajiri hadi saa nne
naweza kuwatukana ndege bila kurudia tusi."
Shemeji Omuga akasema, tutaona.
"Tutaona" ya Omuga tunaijua.
(Alikuja siku tatu. Siku tatu ni siku tatu.)
Mke wangu hakusema kitu. Alitazama juu ya kabati
penye sanduku langu la kaseti.

Kaseti arobaini na moja. Nyingine nilizinunua kabla sijamjua yeye.
Redio ilikufa zamani, lakini kuna vitu
mtu huvitunza ili avitazame.
Nilizipasua kwa kisu cha kukatia sukuma,
nikavuta utepe mweusi kijiti hadi kijiti juu ya mpunga.
Asubuhi upepo wa ziwani ukaugusa,
ukaanza kuvuma, kulia, kumetameta:
magitaa yote ya ujana wangu yakiwapigia ndege kelele
bila wimbo hata mmoja.

Akeyo akapita kando ya mfereji, viatu mkononi,
pindo la sare limeloa umande,
akageuka kuona nani anafanya kazi yake.
Bibi yake akamtupia tope.
"Nenda! Huna mabawa, lakini nitakufukuza."

Sitadanganya. Ndege walikula.
Magunia kumi na moja; mwaka jana yalikuwa kumi na mawili na nusu.
Na mayai hayakuisha: mawili ya malaria,
moja la siku mto Nyando ulipomeza barabara.
Nilikwenda kuyaona mwenyewe. Siku hizi, kila mwisho wa mwezi,
nakaa kwenye kile kiti kidogo.

Jana jioni alichukua penseli fupi kama jino,
akanigawia mavuno nyuma ya daftari.
"Kumi na moja kwa tatu. Ya deni, ya kuuza, ya kula.
Matatu, matatu, matatu. Yamebaki mawili."
"Ya nani?" nikauliza.
Akairamba penseli. Akatazama dari, akatazama mkono wake.
"Hiyo ya kugawa yaliyobaki, baba,
tunafundishwa kesho."