Futi ya Fundi

Mizani haijui kitu.
Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi
Chin-tu huipanda, viatu mkononi,
nayo husema kilo sitini na mbili
kama ilivyosema mwaka jana, na mwaka juzi,
na muuguzi Peng huandika, hutabasamu, hupita.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini na nane
nimepima viuno vya mabaharia na wauza samaki
hapa Keelung, mji ambao mvua haibishi hodi,
na futi yangu haina adabu za hospitali.
Paja la kulia: sentimita arobaini na moja.
Lilikuwa hamsini na sita.

Siku aliyokuja kwetu mara ya kwanza
alikuwa na mtungi wa gesi begani,
ngazi mia moja na kumi na nane
kutoka barabarani hadi mlangoni kwa mama.
Aliutua polepole kama anayelaza mtoto,
akauliza, bila kuhema, jiko liko wapi.
Mama hakumtazama uso. Alitazama miguu.
"Huyu," akaninong'oneza, "hatakuacha njiani."

Basi kilo zikiwa zilezile, nyama imekwenda wapi?
Maji, alisema Peng. Figo zikigoma
maji huhamia pale nyama ilipohama,
mpangaji asiyelipa kodi,
na mizani huhesabu vichwa tu, haiulizi majina.
Wakashusha kile wanachokiita uzito mkavu,
kilo mbili, kisha nyingine, kisha nusu,
mpaka maji yakatoka na Chin-tu akabaki peke yake.
Nilipomwona nilishika ukingo wa meza.

Kabla ya mashine walituambia:
nyama kidogo, yai moja, maharage usimpe.
Nikamnyima. Nilikuwa askari wa sahani yake,
nikimpokonya minofu ya samaki mbele ya wageni.
Sasa wanasema ale, ale sana,
maana mashine inachuja taka lakini haina macho,
na matofali ya mwili nayo inayabeba.
Ute wa mayai manne. Kuku. Samaki yuleyule.
Naye hamu hana. Kila kitu, asema, kina ladha ya sarafu.
Hutafuna kama anayelipa deni la mtu mwingine,
nami hukaa mbele yake na hatia yangu
tukisubiri nani atamaliza kwanza.

Mwezi wa tatu wakaleta baiskeli isiyo na gurudumu,
pedali tupu, zimefungwa mwisho wa kitanda.
"Dakika ishirini, mjomba," kijana wa mazoezi akamwambia.
Damu yake inazunguka ndani ya mipira, miguu inazunguka hewani,
na yeye mwenyewe haendi popote.
"Mlima huu niliupanda mara thelathini kwa siku," akasema,
"leo napanda blanketi."
Jirani wa kitanda cha pili akacheka
hadi mashine yake ikapiga kelele na Peng akaja mbio.

Suruali zake nazipunguza mimi.
Sikati. Fundi mwingine angekata,
kitambaa cha ziada kikaenda kwenye kapu la vitambaa.
Mimi nakikunja ndani, mshono mrefu, uzi hafifu
unaofumuka ukivutwa kidogo.
Ndani ya suruali ya kijivu sasa kuna mikunjo minne,
inamkwaruza, hulalamika,
huniuliza kwa nini nimemshonea ukuta.
Simjibu.

Usiku wa jana nilimpima tena, taa ya cherehani ikiwaka.
Arobaini na moja na nusu.
Nusu sentimita.
Yaweza kuwa maji. Ilikuwa Jumatatu,
na mashine hakuiona tangu Jumamosi.
Yaweza kuwa kidole changu kimelegeza futi
bila kuniomba ruhusa.

Sikuandika.
Nimemwambia Jumamosi, tukirudi, asimame tena.